Barua ya wazi kwa wakuu wa redio na televisheni: turudishieni saa ya ngoma

Kwa Wakurugenzi, Wahariri wa Vipindi na Watunza Maktaba za Sauti wa redio na televisheni zetu, za umma na za binafsi.

Waheshimiwa,

YAH: OMBI LA KURUDISHWA VIPINDI VYA NGOMA ZA ASILI NA MUZIKI WA MATAIFA

Mimi ni fundi redio hapa Ngamiani, Tanga. Kibanda changu kina miaka 31 sasa. Sina cheo, wala hakuna chama kilichonituma. Barua hii nimeiandika mwenyewe usiku baada ya kufunga kazi, kwa sababu jambo lenyewe limeninyima usingizi tangu mwezi uliopita.

Mwezi huo binti yangu, anayesoma chuo mwaka wa pili, alikuja likizo. Jioni moja akaingia kibandani, akanivalisha hedifoni zake masikioni na kusema, “Baba, hebu sikiliza hawa.” Nikasikia ilimba, ile ala ya kibao na vyuma vinavyobonyezwa kwa vidole gumba. Ilianza moja, ya pili ikaingia chini yake, kisha sauti ya mzee ikapanda juu kabisa kama filimbi, ikashuka ghafla hadi kifuani ikawa kama ngurumo. Nilizivua zile hedifoni nikamuuliza anajua hawa ni watu wa wapi. “Wa Mali nadhani,” akanijibu. “Au Zimbabwe.”

Yule alikuwa Hukwe Zawose, Mgogo wa Doduma, Dodoma. Mwalimu Nyerere alimwita Dar es Salaam mwaka 1967. Akaja kufundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo, akazunguka dunia na zeze na ilimba zake, akafariki Desemba 2003. Rekodi aliyokuwa nayo binti yangu ilitolewa Uingereza na Real World, kampuni ya mwanamuziki Peter Gabriel. Na huyu binti amesoma sekondari Dodoma, miaka minne mizima. Ametoka Dodoma bila kuijua ilimba, akaja kukutana nayo kwenye simu, ikiwa imezunguka Ulaya kwanza, akadhani ni ya wageni.

Sikumlaumu hata kidogo. Angeijulia wapi? Mimi mwenyewe siyo Mgogo. Niliijua kwa sababu kuna mtu aliyekaa studio, akaweka kanda kwenye mashine, akafungua maikrofoni na kunieleza. Mtu huyo simwoni tena. Ndiyo maana nimewaandikia.

Nilizaliwa kambi ya mkonge, wilaya ya Muheza. Baba yangu alikuwa Mbena, aliletwa kama manamba, kibarua wa mkataba, kutoka Njombe. Jirani wa kushoto walikuwa Wamakonde, wa kulia Waha, mbele yetu Wanyamwezi, na nyuma ya nyumba zile kulikuwa na mzee wa Kigogo aliyeishi peke yake. Jioni korona, mashine ya kuchakata mkonge, ikinyamaza, watu walikusanyika kwa mwenye duka, maana ndiye aliyekuwa na redio: ya mbao, imefunikwa kitambaa cha kufumwa, na betri zake akizianika juani mchana ili zivute mpaka taarifa ya habari ya saa mbili.

Kulikuwa na kipindi cha ngoma. Mtangazaji alikuwa na desturi ya kutusafirisha: leo tunakwenda Songea, leo tunakwenda Bukoba. Siku aliyosema tunakwenda Dodoma, yule mzee wa Kigogo alikuwa amekalia debe nje ya duka, anachokoa miiba ya mkonge kwenye kiganja kwa sindano. Ilimba ilipoanza, sindano ilisimama. Hakusema neno mpaka wimbo ukaisha. Halafu, bila kuulizwa na mtu, akaanza kutufasiria: hapa anauliza mvua imekwenda wapi, hapa anamjibu mwenzake kwamba mvua imewafuata ng'ombe. Sisi watoto tulikuwa tukimwogopa. Kuanzia jioni ile tukawa tunamfuata nyumbani atuimbie, na Jumapili moja akatengeneza ilimba ya kibao cha sanduku na vyuma vya mwavuli uliovunjika. Nilikuwa na miaka minane au tisa. Ufundi wangu wote naamini ulianzia pale, nikimtazama anavyokisukuma kipande cha chuma mbele na nyuma kwa ukucha, akitafuta sauti.

Kipindi kile hakikuzidi nusu saa. Nawaomba mkipime kwa alichokifanya pale dukani: kilimpa mzee mmoja heshima ambayo kazi ya kukata mkonge haikumpa, na kilimpa mtoto wa Kibena muziki wa Wagogo ukawa wake.

Nitaje na Mzee Morris Nyunyusa, maana hakuna Mtanzania wa umri wangu ambaye hakumsikia. Alikuwa kipofu, akipiga ngoma nyingi kwa wakati mmoja, mikono miwili ikizizunguka kama ya watu watano. Mlio wa ngoma uliotangulia taarifa ya habari ya Radio Tanzania Dar es Salaam ulikuwa wake. Tuliusikia kila siku kwa miaka mingi, nchi nzima ikinyamaza kwa ajili yake. Nawaulizia vijana wanaokuja kununua chaja kwangu: wengi hawajui kwamba mlio ule ulikuwa mikono ya mtu mwenye jina.

Redio haikuishia kutuonyesha ya nyumbani tu. Usiku mawimbi yakitulia, Sauti ya Kenya ilifika Tanga bila taabu, na huko ndiko nilikoisikia nyatiti, ala ya nyuzi ya Waluo, mara ya kwanza. Nilikuwa nadhani nasikia watu wawili, mmoja anakung'uta nyuzi na mwingine anagonga chuma kwenye ubao. Mtangazaji akaeleza kwamba ni mtu mmoja: nyuzi nane mikononi, na kwenye kidole gumba cha mguu amevaa pete ya chuma anayogongea ubao wa ala yenyewe. Nililala nikijaribu kuipata picha hiyo. Bila maneno yale mawili matatu ya mtangazaji ningeishia kusema ni kelele nzuri za Kisumu.

Baadaye nilipokuja mjini kujifunza kazi, fundi cherehani mmoja, Mwarabu wa Pangani, alikuwa akinisimulia jinsi walivyokuwa wakivuta masafa mafupi kutafuta Cairo. Alhamisi ya kwanza ya mwezi, Umm Kulthum alikuwa akiimba ukumbini na redio inamrusha moja kwa moja, wimbo mmoja ukichukua saa nzima au zaidi. Yule mzee alikuwa anafunga duka mapema siku hiyo kana kwamba ni sikukuu. Haya hayakuwa mapenzi ya mtu mmoja. Taarab ya Unguja, kuanzia Ikhwani Safaa iliyoundwa mwaka 1905 na kuendelea, imesikiliza sana Misri. Ule mpango wa fidla nyingi zinazocheka kwa pamoja, ganuni na udi, una asili yake huko. Nasi Tanga tukaupokea mtindo ule tukautia magitaa, ndiyo mkavipata vikundi vya Black Star na Lucky Star, na sauti ya Bi Shakila. Rumba nayo ni hivyo hivyo. Santuri za Kikyuba zilifika Afrika tangu miaka ya 1930, na bendi ya Salum Abdallah pale Morogoro ikajiita Cuban Marimba. Kila mara muziki wetu ulipopiga hatua kubwa, nyuma yake kulikuwa na mtu aliyekaa karibu na redio au gramafoni, akisikia kitu ambacho hakuwa amekiagiza.

Hili la “hakuwa amekiagiza” nawaomba mlishike. Simu ya binti yangu inamletea kile kile alichokipenda jana. Mlango wa Zawose ulifunguka kwake kwa bahati tu. Redio ilikuwa na namna ya kukukalisha: uko dukani, unasubiri habari, na katika kusubiri unapewa Wahaya na enanga yao.

Televisheni ilipokuja iliongeza jingine. Zanzibar walianza televisheni yao ya rangi mwaka 1973, sisi wa Bara tukasubiri hadi 1994. Lakini hapa Tanga mwenye antena ndefu aliweza kuwanasa Wazanzibari, na mimi ndiye niliyekuwa nawapandishia watu antena hizo. Siku moja nikiwa juu ya bati la mteja nikazungusha antena mpaka waliokuwa ndani wakapiga kelele kwamba picha imekaa. Niliposhuka nikakuta kikundi cha taarab, na kamera imemkaribia mpiga ganuni. Miaka yote nilidhani ganuni inapigwa kwa kucha. Nikaona pete kwenye vidole vyake vya shahada, na kila pete imebana kijipande chembamba kama ulimi wa ndege, ndicho kinachong'oa sauti. Mpiga picha aliiacha kamera pale kwa muda mrefu. Nilisahau kudai ujira wangu siku ile, nikaufuata kesho yake.

Linganisheni na tunachoonyeshwa sasa. Kiongozi anashuka kwenye ndege au anaingia uwanjani siku ya sherehe ya taifa. Kikundi cha ngoma kimesimama juani tangu alfajiri. Kamera inakipitia kwa sekunde kumi, mabegani, kisha inarudi kwenye msafara wa magari, na mtangazaji anazungumza juu ya ngoma hiyo hiyo: “Naam, na hapo mnaona burudani mbalimbali za utamaduni.” Burudani mbalimbali! Wale wana jina, wametoka kijiji fulani, ngoma ile ina majira yake na sababu yake, na yule mama anayeongoza ameirithi kwa bibi yake. Nimewahi kuona wanawake wa Kigogo wakipiga muheme, ngoma zimebanwa katikati ya mapaja, wamekata kipande cha sekunde nane, na juu yake wameweka sauti ya kinanda cha studio. Nilizima televisheni ya mteja, nikaomba radhi, nikaiwasha tena.

Redio nazo, kile kipindi cha ngoma mimi nimekishuhudia kikihama. Kwenye kituo kimoja nilichokuwa nakisikiliza kibandani kilitolewa jioni kikapelekwa saa kumi alfajiri. Nikawa naamka. Kikapunguzwa kikawa robo saa, kikawa kinapigwa bila maelezo, ngoma moja kuunga nyingine, kujaza muda kabla ya matangazo kuanza rasmi. Kisha asubuhi moja hakikuwapo. Nilipiga simu. Kijana aliyepokea, kwa adabu nzuri tu, aliniambia, “Mzee, hizo watu hawasikilizi siku hizi.” Nami nilikuwa nimeamka saa kumi kasorobo kusikiliza.

Tarehe 10 Desemba 1962, siku moja baada ya Tanganyika kuwa Jamhuri, Mwalimu alihutubia Bunge na kuunda wizara ya utamaduni. Katika hotuba hiyo alisikitika kwamba wasomi wetu walijua kucheza rumba na chachacha, lakini ni wangapi kati yao waliowahi hata kuisikia gombe sugu, mangala, konge, nyang'umumi, kiduo au lelemama? Mimi naipenda rumba na sioni kosa lake, na naamini nafasi ya zote ipo. Lakini orodha ile ya Mwalimu niliisoma kwa sauti kibandani wiki iliyopita mbele ya vijana sita. Lelemama waliijua wawili. Zilizobaki hakuna. Na mimi mwenyewe, katika hizo sita, nimezisikia tatu tu kwa masikio yangu, zote tatu redioni.

Nije kwenye kanda, maana hapa ndipo kazi yangu inaponipa haki ya kusema.

Mwaka 2011 mama mmoja wa Pangani aliniletea kaseti. Marehemu mumewe alikuwa mpiga ngoma kwenye kikundi cha mdumange, na miaka ya nyuma redio iliwahi kuwafuata kijijini na kuwarekodi. Kaseti ile ilikuwa nakala ya kipindi chenyewe, imekatika na kujifunga ndani. Nikafungua skrubu zake tano, nikautoa utepe taratibu, nikaukata sehemu iliyokunjamana kama jani kavu, nikauunga kwa kipande chembamba kuliko ukucha wa kidole kidogo. Nikasafisha hedi, kile kichwa cha mashine kinachosoma utepe, kwa pamba na spiriti, nikabonyeza. Mtangazaji akasema jina la kijiji, akasema jina la kiongozi wa kikundi, akamtaja na mumewe kwamba ndiye wa ngoma kubwa. Ngoma ikaanza. Yule mama aliweka kiganja juu ya spika. Baada ya dakika tatu hivi mlio ukakatika, ikaingia hotuba ya mkutano fulani. Mtu nyumbani alikuwa amerekodi juu yake.

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, asili ipo redioni. Nilifunga safari mwenyewe kwenda kwenye kituo kilichohusika. Nilipokelewa vizuri na fundi mzee mwenzangu, tukatafuta kwenye daftari, tukaiona namba ya kanda, imeandikwa kwa wino wa bluu. Pembeni yake, kwa wino mwekundu: IMEFUTWA. Kanda tupu zilikuwa ghali, zikiagizwa nje kwa fedha za kigeni, na kilichoonekana kimeshatumika kilifutwa ili kirekodiwe kingine. Sitakitaja kituo hicho, maana waliofanya vile walikuwa wanajaribu kuendesha redio katika uhaba ambao kijana wa leo hawezi kuuelewa. Ninachotaka kusema ni kwamba zile ambazo hazikufutwa bado zipo, na nyingi zina hali ambayo mimi naifahamu kwa harufu.

Ukifungua boksi la kanda ya zamani ikakunukia siki, ujue plastiki yake inaoza, na inayonuka huambukiza jirani zake kwenye rafu. Kuna nyingine, hasa za miaka ya 1970 na 1980, gundi iliyoshika unga wa sumaku imelegea: ukiipiga inapiga mayowe kwenye hedi na kuacha tope la kahawia. Hiyo ukiing'ang'aniza unaikwangua sauti yenyewe. Hupashwa moto mdogo, nyuzi 50 hivi, kwa saa nyingi, ndipo ikupe nafasi ya kuipiga na kuinakili. Na mashine za kuzipigia zinakwisha kabla ya kanda. Vipuri vyake vinaokotwa kwenye mashine zilizokufa, na sisi tunaojua kuzifungua tunazeeka. Watunza sauti wa Australia waliutaja mwaka 2025 kuwa ukomo: kisichonakiliwa kufikia hapo kinaweza kisinakiliwe kamwe.

Tena si kazi ya mabilioni. Kanda ya saa moja huchukua saa moja kuinakili, na matayarisho yake. Hakuna njia ya mkato. Kwa kiwango kizuri kabisa wanachotumia maktaba za dunia, saa moja ya sauti ya spika mbili inakula gigabaiti 2 na kidogo. Diski ya terabaiti moja, ambayo inakaa mfukoni mwa shati, hubeba karibu saa 480. Ngoma nyingi za zamani zilirekodiwa kwa njia moja tu, kwa hiyo zidisheni mara mbili.

Mnajua ngoma za babu zetu za mwaka 1950 zimetunzwa wapi vizuri? Afrika Kusini. Mtafiti wa muziki Hugh Tracey alipita Tanganyika na mashine yake mwaka huo, akarekodi Wagogo, Wasukuma, Wahaya na wengine, na kazi yake iko kwenye maktaba ya muziki wa Kiafrika aliyoianzisha mwaka 1954, leo iko Chuo Kikuu cha Rhodes mjini Makhanda. Katika safari hiyo hiyo, kwa Wakipsigis wa Kenya, alikuta wasichana wakiimba juu ya kiumbe aitwaye Chemirocha, nusu mtu nusu paa. Jina hilo lilitokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1933. Santuri zake zilikuwa zimefika vijijini kwao pamoja na gramafoni za Wazungu, nao wakaitia sauti ile ngeni ndani ya wimbo wao, kwa kinubi chao. Mwaka 2014 maktaba ile pamoja na Ketebul Music ya Nairobi walizirudisha rekodi hizo Kapkatet, huko huko kwa Wakipsigis. Baadhi ya waliorekodiwa walikuwa bado hai, wazee kabisa, wakajisikia wakiwa vijana.

Waliowahi hivyo ni wachache. Yule mama wa Pangani amebaki na dakika tatu.

Najua mtasema matangazo ya biashara hayaji kwenye ngoma, vijana wanataka singeli. Haya, singeli imetoka wapi? Imetoka kwenye mchiriku, na mchiriku ulizaliwa kwenye ngoma za Wazaramo, vijana wa uswahilini wakichukua vinanda vidogo vya Casio wakaviunganisha na vipaza sauti vya kupasuka. Kijana anayeruka singeli Manzese anaruka mdundiko wa bibi yake uliokimbizwa. Hebu siku moja mumpigie mdundiko, mara baada yake mchiriku, mara baada yake singeli, na mtangazaji amwonyeshe mlango kati ya kimoja na kingine. Sijui kijana atakayezima.

Na kama mnataka ushindani wenye watazamaji, nendeni Kisesa, Mwanza, pale Bujora, wakati wa Bulabo, sikukuu ya ngoma ya Wasukuma. Bagalu na Bagika, vyama viwili vya wacheza ngoma, wamekuwa watani wa jadi tangu karne ya 19, kabla ya Simba na Yanga kuzaliwa. Wanacheza pande mbili, kila upande na mganga wake, na mshindi ni yule anayeuvuta umati kutoka kwa mwenzake. Wengine huingia uwanjani na chatu hai shingoni. Umati unahama huku na huku mbele ya macho yako kama maji kwenye sinia. Mna magari ya kurushia matangazo, mna wachambuzi wanaoweza kuizungumzia penalti moja kwa saa nzima. Mpelekeni mmoja wao akakae na wazee wa Kisukuma wiki moja, ajifunze, halafu atutangazie mchezo ule kama unavyostahili kutangazwa.

Ombi langu ni saa moja kwa wiki, redioni na kwenye televisheni, muda ambao watu wako macho. Mimi ningependekeza Jumapili alasiri, irudiwe katikati ya wiki jioni. Nusu yake iwe ya kwetu, kutoka Makonde hadi Ukerewe, na Unguja na Pemba na kidumbak yao na msewe wao. Nusu iwe ya majirani na dunia: ngoma za Burundi, inanga ya Rwanda, isukuti ya Waluhya, na siku moja moja mtupeleke mbali kabisa, India, Mongolia, popote, ilimradi msitutupe huko bila mwenyeji. Hilo la mwenyeji ndilo kubwa kuliko yote ninayoomba. Mpiga ala atajwe jina. Ala itajwe, ielezwe imetengenezwa kwa nini na inashikwaje. Kijiji kitajwe. Wimbo ufasiriwe, hata mistari miwili, na ikiwezekana na mtu wa lugha hiyo mwenyewe, kama yule mzee juu ya debe. Kwenye televisheni kamera ikae mikononi kwa mpigaji mpaka tushibe. Na vikundi vilipwe. Wamechoka kuitwa burudani kwa soda na nauli.

Kuhusu kanda, kila kituo chenye rafu kifungue milango kwa wanaojua kazi hii, wakae na vijana wawili watatu wawafundishe. Mimi nina mashine mbili za rili zinazofanya kazi, moja nimeitengenezea mipira yake mwenyewe, na hedi za akiba nne. Yeyote kati yenu atakayeniita nitakuja, nauli nitajilipia, na wiki mbili za kwanza sitadai kitu. Kaseti ya yule mama wa Pangani ninayo hapa kwenye droo, nimeshainakili, na ameniruhusu. Kama mtakosa cha kuanzia siku ya kwanza ya kipindi, dakika hizo tatu zipo tayari, na jina la mumewe linasikika vizuri.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Fundi redio,
Ngamiani, Tanga